Ndiyo, Pesa ya Dawa Nilinunua Simiti

Wacha niseme hii kitu mara moja, halafu turudi kwa kazi. Wale mmekuwa mkiuliza pesa mlizochanga zilienda wapi: shilingi 61,300 zilienda kwa simiti, mchanga, kokoto, mbao, jipsamu, vioo, mlango na fundi. Si uvumi. Ni mimi mwenyewe nasema. Risiti ziko kwa mkebe wa majani chai hapa mezani.

Mmeniita mwizi. Kuna mmoja aliniita fisi, na kuna dada mmoja aliandika kwamba mimi ndio sababu watu hawachangi siku hizi. Nimesoma zote. Lakini ndani ya hiyo hadithi kuna kitu kingine nilifanya, kibaya kushinda simiti, na hakuna hata mmoja wenu aliniuliza. Tena hicho ndicho mlinipigia makofi. Ndio maana leo naandika badala ya kuweka video.

Nitamwita Kui. Si jina lake. Amekubali niandike kwa masharti matatu: jina lisitajwe, picha isiwekwe, na yeye asome kabla yenu.

Wanaonifuata kutoka zamani wanajua niliacha chuo 2023 nikiwa mwaka wa pili. Babangu alikuwa amefariki, karo ikakatika, nikajiambia nitarudi muhula ujao. Muhula ujao haukuwahi kuja. Nikaingia kwa video za kuchekesha, na kuna miezi zililipa kodi na kuna miezi zililipa sukari peke yake. Mimi na Kui tulikuwa bedsita Roysambu, yeye akiuza nguo za mitumba mtandaoni, mimi nikiigiza kondakta, mwalimu mkuu na mama mboga, zote mimi. Kodi ilipotushinda nikakumbuka ploti.

Mzee alinunua futi 50 kwa 100 huko Joska, mbali na lami ya barabara ya Kangundo, akaanza kujenga na mawe ya Ndarugu. Alijenga vile wazee wetu hujenga: mshahara ukiingia, lori moja la mawe. Mshahara ukikwama, nyumba inangoja. Alipokufa kuta zilikuwa zimepita madirisha kidogo. Mimi na binamu yangu tukaongeza mistari michache ya mawe, tukaezeka mabati vyumba viwili kati ya vitano, tukafunga madirisha na nailoni nyeusi, na Desemba hiyo ya 2023 tukahamia. Sakafu ilikuwa mawe na udongo wa kushindiliwa, juu yake zulia la plastiki. Plasta hakuna. Dari hakuna, ukilala chali unahesabu misumari. Choo cha shimo kiko nyuma, hatua kama arobaini. Maji ya kisima ni ya chumvi, sabuni haitoi povu, kwa hivyo ya kunywa tunanunua kwa mtungi.

Mathe alipopigiwa simu akaambiwa tumehamia, alisema kitu kimoja: "Unaenda kukaa na msichana wa watu kwa nyumba haina mlango?" Nikamwambia mlango upo. Ulikuwa bati limepigiliwa kwa fremu.

Na tulikuwa na raha, sitawadanganya. Kile chumba kikubwa kisicho na paa tulikiita sebule ya wageni. Jioni tunakaa hapo kwa madebe, chai mkononi, tunaangalia ndege zikishuka upande wa Embakasi na kukisia ni nani anarudi kutoka wapi.

Septemba 2024 Kui akapata uvimbe shingoni, hapa juu ya mfupa wa bega la kushoto. Hauumi. Usiku anatoa jasho hadi tunaanika godoro asubuhi. Akaanza kujikuna miguu bila upele wowote. Kliniki ya kwanza ilisema ni TB ya tezi. Dawa za TB ni za bure, akapewa, akameza miezi miwili bila kuruka hata siku moja, na uvimbe ukazaa mwenzake. Ndipo hospitali nyingine ikakata kipande na kukipeleka maabara. Majibu yalirudi kabla ya Krismasi: limfoma ya Hodgkin.

Usiku huo nilimaliza bando yote kusoma. Ni saratani ya tezi, na inapenda vijana kuliko saratani nyingi. Imeitwa hivyo kwa sababu ya daktari Mwingereza, Thomas Hodgkin, aliyeielezea 1832. Daktari wetu alisema yake iko hatua ya pili, na kwamba hii ni moja kati ya zile zinazotibika vizuri. Kui alimuuliza, "Vizuri ni vipi?" Daktari akasema, "Vizuri ni kwamba tunakutibu tukitarajia kukuponya." Tulitembea kutoka hapo hadi stendi bila kusema neno. Kwa matatu ndio alicheka, akaniambia, "Sasa ile TB nilikuwa natibu ya nani?"

Mpango ulikuwa kemo mara kumi na mbili, kila baada ya wiki mbili, dawa nne kwa kikao kimoja. Kuna moja nyekundu kama juisi ya karkade, na baada yake hata mkojo unakuwa mwekundu, kwa hivyo msishtuke wale mtapitia hiyo njia. Kuna moja lazima ifunikwe isipigwe na mwanga. Kuna moja inaweza kuumiza mapafu, kwa hivyo kila ukirudi unaulizwa: unakohoa? Unahema ukipanda ngazi?

SHA alikuwa amejiandikisha na kulipa mwaka mzima kwa mpigo, maana sisi wa kujiajiri ndivyo tunavyolipa. Wakati huo kiwango cha saratani kilikuwa 400,000 kwa mwaka kwa kaya, halafu 150,000 juu yake zile zikiisha. Ilitusaidia sana. Lakini kuna siku dawa moja haipo hospitalini na unaambiwa ukanunue nje. Kuna picha za kupigwa. Kuna nauli, na kuna teksi, kwa sababu mtu ametoka kemo huwezi kumkalisha kwa matatu ya watu kumi na wanne wakikohoa. Na kuna mambo ya nyumbani, ambayo hakuna karatasi yoyote niliyowahi kujaza imeyauliza.

Hapa ndipo nataka mnisikize vizuri.

Watu wakisikia saratani wanaona hospitali. Kitanda, dripu, daktari na koti jeupe. Lakini hesabu na mimi. Kemo ni siku moja kati ya kumi na nne. Zile kumi na tatu zingine mgonjwa yuko nyumbani, na ni nyumbani ndiko anaugulia. Anatapika nyumbani. Anashindwa kumeza nyumbani, kwa sababu mdomo umejaa vidonda. Saa nane usiku anataka choo na choo kiko hatua arobaini kwa giza, kwa hivyo unanunua ndoo yenye kifuniko, unavaa glavu, kwa sababu tuliambiwa kwa siku mbili za kwanza dawa bado inatoka mwilini. Chumba kisicho na dari kinakuwa tanuri saa saba mchana, na saa kumi alfajiri kinakuwa friji. Na vumbi. Wueh. Januari na Februari huko Joska upepo unapita juu ya ukuta, unapita chini ya bati, unapita kwa nailoni. Unafagia asubuhi, adhuhuri meza imekuwa nyeupe tena. Mawe yenyewe yasiyopigwa plasta hutoa unga ukiyaegemea.

Nilidhani vumbi ni uchafu tu. Nilikuwa nafagia kwa bidii, tena kavu, Kui akiwa amelala hapo hapo. Nikajiona mume bora.

Siku kama ya tisa baada ya kemo ya tatu, themomita ikasoma 38.4. Tulikuwa tumeambiwa ikifika 38 hakuna kungoja asubuhi. Ilikuwa saa sita usiku. Jirani yetu, mzee mmoja wa probox anayebeba miraa, ndiye alitupeleka, na hadi leo amekataa pesa ya mafuta. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka karibu ziishe. Akalazwa, akawekwa dawa za kuua viini kwa mshipa, siku sita.

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtu alituuliza tunaishi wapi. Alikuwa daktari mdogo wa zamu, labda ananizidi miaka minne. Akauliza, "Nyumbani kuna ujenzi wowote karibu?" Nikamjibu, "Daktari, nyumbani ndio ujenzi."

Hakucheka. Alivuta kiti akaniambia kwamba kwa vumbi la ujenzi na la udongo kuna mbegu za kuvu. Mimi na yeye tunazivuta kila siku na mwili unazimaliza bila hata kutuambia. Kui wakati huo hakuwa na askari wa kuzimaliza. Zikikaa kwa mapafu, na hayo mapafu tayari yanachungwa kwa sababu ya ile dawa, inaweza kuwa mbaya kuliko saratani yenyewe. Akaniuliza kama kuna mahali pengine anaweza kukaa. Nikasema nitaangalia. Akasema, "Basi kama hakuna, angalau chumba kimoja. Kimoja tu, kifungwe vizuri, kiwe cha kupanguswa na maji."

Nilikuwa na shilingi 2,140.

Sasa nije kwa ile video.

Wiki moja kabla ya hiyo homa, nywele za Kui zilikuwa zimeanza kutoka. Jioni moja alikaa kwa ile sebule yetu isiyo na paa, akafungua kitambaa, akaanza kuzitoa kwa vidole, fungu kwa fungu, akizipanga kwa paja kama mtu anachambua mchicha. Hakulia. Mimi nilikuwa ndani, na kupitia shimo la dirisha mwanga ulikuwa umemwangukia vizuri sana. Nikachukua simu. Sijui niseme nini. Ni mkono tu, mkono wa mtu ambaye kwa miaka miwili kila kitu kizuri akikiona anakiwekea simu. Sekunde arobaini na moja. Hakujua.

Usiku ule alipolazwa, nikiwa kwa benchi nje ya wadi, nikaiweka. Nikaandika maneno mawili matatu ya kusikitisha na nambari ya simu ya kuchangia. Sikumuuliza. Ningeingia tu pale ndani nimuulize, alikuwa macho.

Asubuhi ilikuwa imetazamwa mara laki sita. Kufikia Jumapili kulikuwa na shilingi 173,250 kwa simu yangu, nyingine za watu walituma ishirini, na hao wa ishirini ndio siwezi kuwasahau. Nawashukuru. Sirudishi hilo neno. Mkaandika kwamba mimi ni mwanaume wa nguvu, kwamba mapenzi ya kweli bado yapo, kwamba dada amebahatika.

Dada mwenyewe alioneshwa hiyo video na mgonjwa wa kitanda cha jirani. "Si huyu ni wewe?"

Kulikuwa na jambo sikuwa nimelifikiria hata sekunde moja. Babake hakujua. Kui alikuwa amemwambia ni TB, anameza dawa, anaendelea vizuri. Mzee anaishi Murang'a, ana presha, na alikuwa amemzika mke wake kwa saratani ya mlango wa uzazi Kui akiwa darasa la sita. Kui alikuwa anangoja amalize kemo zote ndio amwambie, ikiwa habari ya zamani. Ilikuwa siri yake, na alikuwa ameipanga. Mzee aliiona kwa simu ya mtu wa kanisa, baada ya ibada, binti yake akijing'oa nywele mbele ya watu laki sita.

Nikaiondoa siku hiyo hiyo. Haikusaidia, watu walikuwa wameshaichukua wakaiweka kwa kurasa zao na muziki wa kinanda juu yake. Mpaka leo iko huko. Kui hakuongea na mimi siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza swali moja: "Kama ningekufa jana, hiyo ndiyo ingekuwa picha yangu ya mwisho?"

Sasa mnaona kwa nini nasema mlikasirikia kitu kisicho kosa.

Alipotoka hospitali sikumrudisha Joska. Shangazi yangu wa Umoja alimkaribisha kwa wiki mbili, akahamisha watoto wake sebuleni. Mimi na fundi tukaingia kazini. Nailoni chini, zege juu, sakafu laini. Mifuko kumi na minane ya simiti kwa sakafu na plasta ya kuta nne. Dari ya jipsamu. Vioo kwa madirisha mawili, na mlango wa mbao unaofunga. Chumba kimoja. Tulimwagilia sakafu maji asubuhi na jioni isipasuke, tukakipangusa chote kwa kitambaa cha maji mara tatu kabla hajaingia. Fagio kavu halijaingia humo tena.

Zile nyingine, 111,950, zilienda kwa dawa za nje, picha, teksi, bili ya kulazwa iliyobaki na chakula. Hizo hakuna mtu analalamikia, kwa sababu zina muhuri wa hospitali. Lakini niulize: tangu hicho chumba kiishe, Kui hajawahi kulazwa tena kwa homa. Siwezi kuapa ni simiti. Pengine ni bahati, pengine ni kwamba tulikuwa makini zaidi na maji na mikono na mayai ya kuiva vizuri. Lakini kama daktari angeandika "sakafu" kwa karatasi yenye nembo, nyinyi mngesema imetumika vizuri. Aliisema tu kwa mdomo, saa tisa usiku, akiwa amechoka.

Nikaweka picha ya chumba nikidhani mtafurahi. Mkasema tulichanga kwa dawa, jamaa amejijengea nyumba. Chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili! Na ile video ya sekunde arobaini na moja, hadi leo kuna mtu ananiandikia ilimtia moyo.

Baba Kui alikuja Machi. Alishuka kwa boda na kuku mzima kwa gunia, wa kumchinjia mtoto supu. Tulikuwa tumeambiwa mgonjwa akae mbali na vinyesi vya ndege, kwa hivyo kuku akaenda kulala kwa jirani wa probox, na sijui kama nimewahi kuona aibu kama ile, kumpokea mkwe zawadi halafu unaikimbiza kwa ua. Bado sijapeleka hata barua kwao. Mimi si mkwe, mimi ni kijana anakaa na msichana wao.

Alikaa na Kui ndani saa nzima, mlango umefungwa. Nilisikia wakicheka mara moja. Alipotoka akazunguka nyumba yote, vile vyumba visivyo na paa, akigonga mawe na kifundo cha kidole.

"Nani alijenga?"

"Babangu, mzee. Hakumaliza."

"Alijenga msingi mzuri." Akanyamaza. "Nambari yangu ya simu uko nayo?"

"Niko nayo, mzee."

"Ulikuwa nayo."

Hakuongeza. Chini ya chupa ya chai tulikuta shilingi elfu tano zimekunjwa.

Mvua ya Aprili ilipokuja tulikuwa ndani ya hicho chumba na kwa mara ya kwanza tuliweza kuongea mvua ikinyesha. Zamani bila dari, mvua ikipiga bati ilibidi tupigiane kelele kama watu wa mjengo. Kui alikuwa na kemo ya saba siku hiyo. Alisema, "Hata naskia unatafuna." Nikajua tumeanza kurudi mahali, ingawa si pale pale. Sasa hivi nikishika simu karibu naye ananiangalia mkono kwanza, halafu uso. Anafanya hivyo hata nikiangalia saa.

Kemo ya kumi na mbili ilikuwa wiki nne zilizopita, ilichelewa mara mbili kwa sababu ya damu. Nywele zinarudi, laini kama za mtoto, na ananikataza kuzishika.

Amesoma haya yote jana usiku. Amefuta mistari miwili kuhusu mamake, na kuna kitu nilikuwa nimeandika kuhusu usiku mmoja wa Mei akasema hicho ni chake, kitoke. Kimetoka. Halafu akaniambia niongeze kwamba mchicha haukuwa mfano mzuri, ni kama kuchambua mchele. Nimeacha mchicha, lakini nimeweka malalamiko yake hapa.

Ijumaa tunarudi kusomewa picha ya mwisho. Fundi naye amepiga simu anauliza kama aje Jumamosi aanze jikoni, ana mchanga umebaki mahali anaweza kutuletea kwa bei ya chini. Nimemwambia nitampigia Ijumaa jioni.